Bapa la fokasi na kina cha uga: herufi za nganya zinatufundisha nini

Simama mita 2 kutoka ubavuni mwa nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro na maandishi, iliyoegeshwa barabara ya Ronald Ngala jijini Nairobi, uukabili ubavu sawasawa, kisha ufungue tundu la lenzi ya milimita 50 hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Maandishi yote yaliyoingia kwenye fremu yatatoka makali. Sasa sogea hadi kwenye kona ya gari, upige ukitazama kandokando ya ubavu uleule. Lenzi ni ile ile na tundu halijabadilika, lakini herufi mbili tatu tu ndizo zinazosomeka vizuri. Nyingine zimefifia.

Sababu ni bapa la fokasi. Wengi hudhani fokasi ni nukta, kile kiboksi kinachowaka juu ya uso wa mtu. Ifikirie badala yake kama kioo kikubwa cha dirisha kisichoonekana, kimesimama mbele ya kamera, sambamba na sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Chochote kinachokigusa, kiwe katikati au pembeni, kinatoka kali. Ulipoukabili ubavu wa nganya, ubavu wote ulilala kwenye kioo hicho. Uliposimama kwenye kona, kioo kiliukata kwa mshazari.

Kihesabu, bapa hilo halina unene wowote. Kina cha uga ndio unene ambao macho yetu yanaukubali. Nukta ya mwanga iliyo nje ya bapa hufika kwenye sensa ikiwa kijiduara, na kijiduara kikiwa kidogo vya kutosha, jicho bado hukiona kama nukta. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, kikomo kilichozoeleka cha upana wa kijiduara hicho ni kama milimita 0.03. Kwa hiyo ukali haukatiki ghafla mahali fulani, hupungua polepole. Ndiyo maana picha iliyoonekana safi kwenye simu huonyesha kasoro ikichapishwa ukubwa wa bango.

Kwa kipimo hicho, lenzi yetu ikiwa f/1.8 na mtu akiwa mita 2, una kina cha uga cha kama sentimita 17 tu. Ziba tundu hadi f/8 upate kama 78. Ukirudi nyuma kina huongezeka, ukichukua lenzi ndefu zaidi hupungua.

Linaloniuma ni picha za familia kwenye harusi, pale bustani ya Arboretum kwa mfano. Ndugu hupangwa nusu duara kwa sababu inapendeza, lenzi imefunguliwa kabisa ili miti ya nyuma ififie, na shangazi waliosimama kwenye ncha wanatoka na ukungu usoni. Picha hiyo haitapigwa tena. Nyoosha safu, weka f/8 kwa lenzi yetu ileile, lenga safu ya pili ukiwa mita 5: kila aliye kati ya kama mita 3.4 na 9.5 atatoka vizuri.

Kuna na ile tabia ya kulenga jicho katikati ya fremu, kisha kuizungusha kamera ili mtu akae pembeni. Kamera ikizunguka, kioo nacho kinazunguka. Kwa mita 2, jicho likifika ukingoni kabisa mwa fremu, bapa limeshapita nyuma yake kwa karibu sentimita 12, na kwa f/1.8 upande wa mbele una sentimita 8 tu. Sikio linatoka kali, jicho halitoki. Sogeza kiboksi cha fokasi hadi kwenye jicho, kamera uiache ilivyo.