Regyuleta inapomwaga hewa bila kukoma

Regyuleta ya mzamiaji, kifaa anachopumulia hewa ya mtungi akiwa majini, inatakiwa kutoa hewa pale tu anapovuta pumzi. Wakati mwingine huanza kuimwaga yenyewe mfululizo, kwa mvumo na mapovu mengi.

Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la takriban bar 200. Hatua ya kwanza ya regyuleta, iliyofungwa kwenye mtungi, hulipunguza hadi bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, ina kiwambo cha mpira kinachosukuma wenzo na kufungua vali. Vali hiyo hufungukia upande hewa inakoelekea, hivyo ikipata hitilafu kwa kawaida hubaki wazi. Mzamiaji hanyimwi hewa, anapewa kupita kiasi, na anayelijua hilo hapaparuki.

Mafunzo mengi husisitiza barafu, kwa sababu maji yaliyo chini ya nyuzi 10 huweza kugandisha vali. Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe hadi visiwa vya Ssese, lina nyuzi 25 hivi, kwa hiyo mchawi hayuko huko. Tazama tope kwanza: chembe zake hukwamisha kitufe cha kutoa hewa au hujibana kwenye wenzo. Penye mkondo mkali, kama Nile pale Jinja, maji yakigonga uso wa regyuleta husukuma kiwambo ndani. Kisha kuna kiti cha vali (pale vali inapokaa ikijifunga) kilichochakaa katika hatua ya kwanza, ambacho huacha shinikizo lipande polepole hadi hatua ya pili ivuje. Ukifungua mtungi botini na dakika chache baadaye ukasikia hewa ikivuja taratibu, usizame na kifaa hicho.

Juu ya maji, regyuleta iliyo nje ya mdomo igeuze tundu lake litazame chini. Mara nyingi hukoma.

Ukiwa chini, usiibane kwa midomo. Hewa isiyo na pa kutokea inaweza kudhuru mapafu. Ishike kwa mkono, iegemeze kwenye mdomo wa chini, acha upande mmoja wazi hewa ya ziada itoke, unywe unayoihitaji. Mkono mwingine ushike barakoa, maana mapovu huweza kuisogeza. Mpe mwenzako ishara na uchukue regyuleta yake ya akiba. Katika maji machafu ya ziwa, mwenzako awe karibu kiasi cha kumgusa, kwani geji ya shinikizo la mtungi yenyewe huenda usiione. Ukishapumua hewa yake, yeye anaweza kufunga mtungi wako.

Pandeni pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400 za hewa, na kadiri ulivyo chini ndivyo zinavyoisha upesi: ni suala la dakika chache. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia baharini, yanayoonyesha kina na muda salama, hayafai hapa bila marekebisho. Kompyuta ya kuzamia iwekwe kwa mwinuko huo. Mkifika juu na mtungi umekwisha, puliza jaketi la kuelea kwa mdomo au achia vyuma vya uzito.

Unapoosha regyuleta iliyotolewa kwenye mtungi, funika hatua ya kwanza kwa kifuniko chake, wala usibonyeze kitufe ikiwa majini. Ukibonyeza, vali hufunguka na maji hupanda kupitia mpira wa hewa hadi ndani ya hatua ya kwanza.