Linux si ya ba enfomatisie peke yao

Hapa Bukavu ukitaja Linux tu, ile programu ya kuendesha mashini (kompyuta) kama vile Windows, mtu anakujibu hiyo ni ya ba enfomatisie, ile ya kuandika amri kwenye ekra nyeusi. Hapana jamani! Simu ya Android yenye iko mfukoni mwako inatembea juu ya Linux, ile Linus Torvalds alianza 1991 kule Finland, na hakuna mtu alikufundisha hata amri moja.

Kwenye mashini ni vile vile. Chukua Linux Mint, aina moja ya Linux, uiweke kwenye USB, washa mashini ukichagua ile USB, deskotopu inafunguka, menyu iko chini kushoto, Firefox ya kuingia intaneti iko, LibreOffice ya kuandikia kama Word iko, unajaribu yote bila kugusa diski yako, ukiona haikupendezi unazima, unachomoa USB, na Windows yako unaikuta vile uliiacha. Ukiinstale unachagua Kifaransa. RAM (memori ya mashini) ya 2 GB inaweza kuanza, lakini 4 ndio raha.

Penye kuna shida ya kweli ni mafaili ya Word. Unaandika TFC yako (kazi ya kumaliza masomo) kwa LibreOffice, unaipeleka kuprinti kwa sekretaria kule Kadutu, wanaifungua na Word, tablo zimehama na namba za kurasa zimeruka, halafu tunasema Linux ni mubaya. Kabla ya kutoka nyumbani igeuze PDF, LibreOffice inafanya yenyewe, basi inatoka vile uliipanga.

Photoshop, ile ya kutengeneza picha, ndio haina toleo la Linux, kama ndiyo kazi inakulisha usihame.