TB na mfuko wa familia: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Tunaambiwa matibabu ya TB ni bure. Mbona sisi tumefilisika?

Kilicho bure kwenye vituo vya serikali ni kipimo cha makohozi na dawa. Nauli si bure, unga si bure, na siku ambayo hukwenda kibaruani hakuna anayekulipa. Tiba ya TB ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, halafu miezi 4 ya dawa mbili. Wiki za kwanza mgonjwa hana nguvu ya kushika jembe, sembuse kubeba mgongoni pampu ya salfa ya kupulizia mikorosho, na anayemuuguza naye kazi zake zimelala. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kaya imeelemewa pale gharama za TB, pamoja na kipato kilichopotea, zinapopita asilimia 20 ya kipato cha mwaka.

Kwa anayeishi kwa mikorosho, kufika hapo si kazi. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, nyumbani nauli inatafutwa, na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kinyemela kabla hazijavunwa, anapita na fedha taslimu mkononi. Minada ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, inapofunguliwa Oktoba, mzigo si wa familia tena, ni wa mnunuzi huyo.

Serikali inatoa posho kwa mgonjwa wa TB?

Usikae ukisubiri posho ya kila mwezi kwa sababu tu una TB. Kwa wenye TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, miradi ya wafadhili imewahi kuchangia nauli na chakula, kwa hiyo muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya yako kama kuna kitu sasa. Wengine wote hupata msaada vipande vipande, kila kipande kina mlango wake.

Basi nianzie wapi?

Kwa huyo huyo anayekupa dawa, tena siku unayoanza. Wengi husema hawana nauli wakiwa wameshaacha dawa wiki tatu, na hapo mhudumu hashughuliki tena na nauli, anashughulika na mgonjwa aliyekatisha dozi. Mweleze mapema unaishi wapi, nani anapika nyumbani, nani anakutegemea. Jambo la kwanza analoweza kukufanyia halina gharama: kukuhamishia dawa kwenye zahanati ya karibu na kwenu, na kukupangia ndugu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kukusimamia unapomeza. Kwa maoni yangu hakuna msaada unaookoa fedha kuliko huo, ila watu hawauombi kwa kuwa haufanani na msaada.

Mlango wa pili ni afisa ustawi wa jamii. Yupo hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na yupo halmashauri. Yeye ndiye anayepima uwezo wa kaya na kushughulikia msamaha wa vitu visivyoingia kwenye huduma za bure za TB, mfano eksirei, kulazwa, au vipimo vya ugonjwa mwingine uliogundulika hapo hapo.

Atataka barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na barua nyingi huharibikia hapa. "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, hana uwezo, naomba asaidiwe" haimpi afisa kitu cha kushika. Mwombe mtendaji aandike hali ilivyo: kaya ina watu sita, mgonjwa ndiye aliyekuwa akiilisha, shamba ni ekari mbili na mwaka huu halikupuliziwa, binti wa darasa la tano haendi shule kwa sababu anamuuguza baba. Tarehe, saini, mhuri. Piga nakala ubaki nayo. Na si lazima uutangaze ugonjwa mbele ya foleni yote ya ofisini. Omba kuzungumza na mtendaji faragha.

TASAF je?

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, huangalia umaskini wa kaya, hauangalii jina la ugonjwa. Majina hupitia mkutano wa kijiji, na uandikishaji haufanyiki kila siku, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa isikose mtu mkutanoni. Kama tayari mmo, iambieni kamati mapema kwamba mnaye mgonjwa, hasa zikija kazi za ajira za muda.

Nimeajiriwa. Naogopa kufukuzwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Peleka cheti cha daktari. Kibarua ambaye hajafikisha miezi sita kazini kwa kawaida haingii humo.

Ndugu wamesusa kuja, na watoto tumewatengea vyombo.

Vyombo rudisheni kabatini. TB hupita hewani mtu anapokohoa, haipiti kwenye sahani wala kikombe. Fungueni madirisha. Kwa TB ya kawaida, hatari ya kuambukiza hushuka sana baada ya wiki chache za dawa zinazomezwa sawasawa. Watoto wote wa nyumba hiyo wapelekwe kuchunguzwa. Walio chini ya miaka 5 wasio na TB hupewa dawa ya kinga, nayo ni bure.

Kuhusu ndugu, huku kusini mjomba bado ana sauti. Mwiteni kikao, ila msimwombe "msaada" tu. Mpeni kitu kinachoshikika cha kuwagawia ndugu: huyu atalipa bodaboda ya kliniki, yule atapalilia, shangazi ataleta mbaazi na dagaa.

Nimepata nafuu na korosho zimeanza kudondoka. Naweza kuhamia shambani?

Unaweza, ukiaga kliniki kwanza. Waambie unakwenda kijiji gani na kwa muda gani, wakuandikie uhamisho kwenda zahanati ya huko au wakupe dawa za kutosha mpaka tarehe ya kurudi. Beba kadi ya matibabu na namba ya simu ya mhudumu. Mkojo ukiwa na rangi ya chungwa usishtuke, ni dawa. Macho yakigeuka manjano au ukitapika mfululizo, acha korosho chini siku hiyo hiyo uende zahanati.