Paka Mwenyeji Anapoletewa Mgeni: Maswali na Majibu Kuhusu Afya na Utulivu Wao

Maelezo haya yanawahusu wale wanaomchukua paka asiye na mwenyewe, tuseme aliyeokotwa karibu na soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, wakamlea kwa muda mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja, ilhali nyumbani tayari yupo paka wao. Ni kazi ya huruma, lakini gharama yake huangukia kwanza kwa paka mwenyeji, naye hana namna ya kulalamika isipokuwa kwa mwenendo na kwa mwili wake.

Kwa nini paka wangu, ambaye ni mpole kwa watu, amekuwa mkali tangu mgeni aingie?

Si wivu wala roho mbaya. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, yule aitwaye kimburu, ambaye huwinda peke yake na kuishi katika eneo alilolitia alama za harufu. Paka wako anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye kizingiti au kwenye nguo yako, huacha harufu itokayo katika tezi za uso wake, na harufu hiyo ndiyo inayomhakikishia kwamba hapo ni kwake na pana usalama. Mgeni anapowekwa ghafla katikati ya sebule, utulivu huo huvurugika kwa siku moja. Kufoka, kunguruma na kufura mkia ni njia yake ya kumwambia mwenzake asimkaribie, na mara nyingi husaidia kuepusha mapigano. Asichapwe wala kukemewa kwa hilo, kwa kuwa atayahusisha maumivu hayo na yule mgeni, na chuki itazidi.

Mgeni atengwe kwa muda gani?

Angalau siku 14, katika chumba chenye mlango unaofungika. Sababu kuu ni maradhi. Ugonjwa wa panlukopenia, ambao virusi vyake vinafanana sana na vile vya parvo ya mbwa, kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 10 kabla ya kuonyesha dalili, kisha huleta homa, kutapika, kuhara na kukataa chakula, na huwaua kwa haraka hasa paka wachanga. Virusi hivyo vinaweza kudumu katika mazingira hadi mwaka mzima na sabuni ya kawaida haiviui. Hutumika dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo 1 kwa vipimo 32 vya maji, ikaachwa dakika 10 juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa. Mbali na ugonjwa huo, mgeni anaweza kuja na mafua ya paka, viroboto, minyoo, au mapunye ambayo huwapata pia watoto wa nyumba. Kwa hiyo nawa mikono kila utokapo kwake, na uwe na kanga ya kujifunga ukiwa chumbani humo tu.

Jambo moja lisisahauliwe: siku 14 hazitoshi kuthibitisha kwamba paka hana kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kujificha mwilini kwa wiki nyingi. Mtu akiumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana chanjo zake, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Paka mwenyeji naye awe amekwisha kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na chanjo ya panlukopenia na mafua, kabla mgeni hajavuka kizingiti.

Nyumba yangu ni chumba na sebule tu. Nifanyeje?

Tenga kubwa la kuku, lililooshwa vizuri na kufunikwa kwa kanga pande tatu, linaweza kumsitiri mgeni katika saa ambazo huwezi kuwasimamia. Lazima liwe na nafasi ya maji, chakula, mahali pa kulala na beseni dogo la mchanga, na mgeni atolewe kila siku anyooshe viungo wakati mwenyeji yuko chumba kingine. Hata hivyo, ukiwa na sehemu moja tu na paka wako hana chanjo, kwa maoni yangu ni heri umwombe jirani asiye na paka amlee yule mgeni, nawe uchangie chakula.

Je, si dhambi kumfungia paka?

Hadithi ya Mtume Muhammad ijulikanayo sana inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie riziki. Anayetengwa kwa ajili ya afya, akiwa na chakula, maji, hewa na mtu wa kumtembelea mara kadhaa kwa siku, hayumo katika hali hiyo.

Wakishamaliza siku hizo, wakutanishwe vipi?

Kwa pua kwanza, macho baadaye, mwili mwisho. Hapa ndipo wengi huharakisha na kuharibu kazi yote. Mgeni akionekana mzima, mpanguse mashavu kwa kitambaa safi, ukiweke kitambaa hicho mahali ambapo mwenyeji hupita, si juu ya kitanda chake wala karibu na sahani yake, na umfanyie mwenyeji vivyo hivyo. Akikinusa na kuendelea na shughuli zake, hiyo ni dalili njema. Akikifokea, rudia kesho bila kusogeza hatua. Baada ya hapo walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kwanza kwa umbali wa mita kadhaa, ukisogeza sahani kidogo kila siku, ili harufu ya mwenzake ije pamoja na dagaa waliochemshwa au kipande cha kuku kisicho na kitunguu, kwa maana kitunguu ni sumu kwa paka.

Wakila kwa utulivu mkabala wa mlango, weka wavu wa dirisha mlangoni ili waonane kwa dakika chache wakati wa kula, na ufunge mlango kabla yeyote hajakasirika. Kukutana bila kizuizi kuje mwisho, kukiwa na watu wawili wa kusimamia na njia ya kukimbilia kwa kila paka, hasa juu ya kabati. Wakipigana, usiingize mkono. Weka mto au ubao kati yao. Wapo wanaomaliza hatua hizi kwa wiki mbili, na wapo wanaohitaji miezi. Mgeni dume asiyehasiwa huifanya kazi iwe ngumu zaidi, kwa kuwa hupuliza mkojo kutani na hutafuta ugomvi. Majeraha ya kina ya kuumwa na paka mwingine ndiyo njia kuu ya kuenea kwa virusi vinavyoshusha kinga ya paka, navyo haviambukizi binadamu. Inapowezekana, mgeni apimwe virusi hivyo kabla ya kukutanishwa.

Vyombo je?

Kila paka awe na sahani na bakuli lake, na masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, yakiwekwa mahali tofauti. Mchanga usafishwe kila siku, na mjamzito asiushughulikie, kwa sababu ya toksoplasma, kimelea cha kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ni dalili gani za mwenyeji zinazotaka daktari wa mifugo?

Hofu ya muda mrefu humfanya paka augue kweli. Dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, akajikamua na kulia bila mkojo kutoka, ameziba njia ya mkojo na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Jike anayekojoa matone yenye damu, au anayekojoa kitandani, huenda anaumwa kibofu wala hakukomoi. Paka aliyekataa chakula kwa siku mbili, hasa mnene, yumo hatarini kuharibika ini. Usimpe dawa za binadamu, maana kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua, wala dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini.

Na wasipopatana kabisa?

Kupuuzana ni mapatano tosha. Hawalazimiki kulala pamoja. Lakini mwenyeji akiendelea kujificha, kukonda au kujilamba mpaka manyoya yakatoka, mgeni atafutiwe nyumba nyingine mapema. Akishaondoka, mpumzishe paka wako wiki kadhaa kabla ya kumpokea mwingine, na kama aliyeondoka aliugua panlukopenia, asiletwe humo paka asiye na chanjo kwa mwaka mzima.