Pini moja haikupi muda wa kutulia wa amplifaya ya tofauti
Wengi wakitaka kujua amplifaya ya tofauti, ile yenye pini mbili za kutokea zinazoenda kinyume, inachukua muda gani kutulia (kufika karibu na thamani ya mwisho na kubaki hapo) baada ya ingizo kuruka, wanaweka probu kwenye pini moja tu na kusoma hapo. Hapana jamani, hiyo siyo namba yenyewe. Pini moja inabeba nusu ya signali ya tofauti pamoja na volteji ya pamoja, yaani wastani wa pini zote mbili, na hii ya pamoja ina luupu yake (mzunguko wa mrejesho) ya kuirekebisha ambayo mara nyingi ni ya polepole, sasa unaona mkia mrefu unadhani amplifaya ndo nzito, kumbe ukitoa volteji ya pini moja kwenye ya nyingine mkia unafutika, ilimradi pande zote mbili zinalingana. Kibaya zaidi makosa mawili, la tofauti na la pamoja, yanaweza kufutana upande mmoja, ukaona imetulia wakati bado. Toa kwanza, ndo usome.

Halafu osiloskopu ya biti 8 ina ngazi 256 tu, kila ngazi karibu 0.4% ya skrini nzima, kutafuta hapo kama imetulia ndani ya 0.01% ni kujichosha, na ukivuta picha kupita kiasi ingizo la skopu lenyewe linazidiwa na kuchelewa kurudi sawa.