Soketi Kuingia Si Kipimo cha CDI

CDI ya ATV, yaani boksi dogo la umeme linalopiga cheche ya plagi kwenye pikipiki ya magurudumu manne, imekufa, mwenyewe kanunua nyingine isiyo ya kampuni iliyounda injini, soketi imeingia bila kusukumwa, injini imewaka kwa kidole kimoja. Siku chache baadaye analeta swali: "Fundi, mbona sailensa inakuwa nyekundu?" au "Mbona inagonga nikipanda mlima? Na CDI ni yenyewe, imeingia vizuri kabisa."

Imeingia, ndiyo. Soketi ni kipande cha plastiki ambacho viwanda vingi hukinunua kwa maelfu na kukifunga kwenye chochote. Haijui injini yako ni ya aina gani. Nimelijibu swali hili kwa ufupi mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa urefu.

Nianze na lile rahisi, nilipite haraka. Kuna CDI ya AC na kuna CDI ya DC. Ya AC hula umeme wa koili maalumu iliyomo ndani ya stata (ile seti ya koili zisizozunguka zinazozalisha umeme wa injini), umeme wa kupanda na kushuka unaofika volti mia na zaidi. Ya DC hula volti 12 za betri, kisha inazipandisha yenyewe ndani hadi volti mia mbili, mia tatu na kuendelea. Baada ya hapo kazi ni moja: kujaza kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme), kusubiri ishara ya pulsa (kihisi kinachoona injini inavyozunguka), kuachia umeme wote kwa mpigo kwenye koili ya plagi. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na kwenye injini za aina ya GY6 zipo za AC na za DC zenye soketi ya pini 6 ile ile, mpangilio wa pini ukiwa tofauti. Ukiweka ya AC mahali pa DC, kwa kawaida plagi haitoi moto na hasara ni muda wako. Ukiweka ya DC kwenye waya wa koili ya stata, unaweza kuiua papo hapo.

Kujua uliyonayo si uchawi. Chomoa soketi, washa swichi, pima kila tundu upande wa waya. Ukikuta volti 12 za betri zinazokuja na kuondoka na swichi, una DC. Usipozikuta, na kuna tundu linalotoa makumi ya volti za AC ukiizungusha injini kama unaiwasha, una AC. Rangi za waya zitakusaidia, lakini usiziapie. ATV iliyokwisha kupita mikono ya mafundi wawili haina rangi za kuaminika. Angalia pia inavyozimwa: CDI ya AC huzimwa kwa kupelekewa ethi (kuunganishwa na chuma cha chombo), ilhali nyingi za DC huzimwa kwa kukatiwa umeme. Ukichanganya hapo utapata ATV inayokataa kuzima. Na usifunge koili ya mfumo wa transista kwenye CDI eti kwa sababu nati zimelingana. Ile ina ukinzani mkubwa zaidi upande wa kuingilia na imeundwa kwa kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye kile kinachonikera.

Watu wengi huiona CDI kama kiwanda cha cheche. Kutoa cheche ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Kazi ngumu ni kuamua itoke lini. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, kranki inapita digrii 36 kwa milisekunde moja. Digrii moja ni kama maikrosekunde 28, yaani sehemu 28 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mara moja. Moto unahitaji muda kusambaa. Ndiyo maana cheche hupigwa kabla pistoni haijafika kileleni, ili msukumo mkubwa kabisa utokee digrii kumi na kitu baada ya kilele, pistoni ikiwa tayari inashuka. Mzunguko ukiongezeka, cheche inatakiwa iwahi zaidi. Kwenye injini nyingi ndogo za mipigo minne ni digrii kumi na kitu kabla ya kilele ikiwa sailensi (injini ikinguruma taratibu bila kufungua mafuta), hadi karibu 30 kwenye mzunguko mkubwa.

CDI inajuaje pistoni iko wapi? Kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na kranki, kuna kinundu cha chuma. Kinapopita mbele ya pulsa, ukingo wake wa kwanza hutoa mpigo mmoja wa umeme, na ukingo wa mwisho hutoa mpigo mwingine ulio kinyume chake. Kwenye CDI nyingi za kielektroniki, injini ikiwa sailensi cheche hufuata ukingo wa mwisho. Mzunguko ukipanda, boksi huanza kuhesabu kutoka ukingo wa kwanza: linauona, linasubiri kidogo, linapiga. Huko kusubiri "kidogo" kumepigiwa hesabu kiwandani kwa flaiwili fulani yenye kinundu cha urefu fulani.

Chukua namba za mfano. Kinundu cha injini A kinaanza digrii 40 kabla ya kilele na kuisha digrii 10 kabla. Boksi lake, kwa mzunguko mkubwa, linasubiri digrii 10 baada ya ukingo wa kwanza, hivyo linapiga kwenye 30. Safi. Lihamishie kwenye injini B ambayo kinundu chake ni kirefu: kinaanza 55, kinaishia pale pale kwenye 10. Kwenye sailensi linapiga kwenye 10, sawasawa na zamani. Injini inawaka mara moja, inatulia, mwenyewe anatabasamu. Akifungua mafuta, boksi linaona ukingo wa kwanza, linasubiri digrii zake 10, na kupiga kwenye 45. Digrii 15 zaidi ya inavyotakiwa! Hapo ndipo injini inagonga, joto linapanda, na ukishikilia hivyo kwenye mlima mrefu utatafuta pistoni mpya. Geuza mfano: kinundu kifupi kinachoanzia 28, boksi linapiga kwenye 18, injini inakuwa nzito, na moto unamalizikia kuwaka ndani ya bomba la moshi. Ndiyo ile sailensa nyekundu.

Umeona kwa nini sisikilizi neno "imewaka vizuri"? Sailensi ndiyo sehemu pekee ambayo boksi lisilo lake linaweza kupatia. Wauzaji wa spea hutaja idadi ya pini na picha ya soketi, lakini urefu wa kinundu hawautaji. Kwa hiyo nunua kwa namba ya spea ya CDI ya zamani na modeli na mwaka wa ATV yako. Mwaka una maana: watengenezaji hubadilisha flaiwili na CDI kwa pamoja katikati ya uhai wa modeli ile ile, jina kwenye tangi likibaki vilevile.

Waya za pulsa nazo zikigeuzwa, boksi linaona mipigo kinyumenyume. Cheche inahama, au inarukaruka, na injini inaweza kupiga teke ukiiwasha. Kabla hujarudisha CDI dukani, hakikisha hukuzigeuza wewe.

Halafu zipo zile nyekundu na za buluu zilizoandikwa "racing". Haya. Kapasita ya maikrofaradi 1 ikijazwa volti 300 inabeba milijuli 45. Kwa plagi safi na mchanganyiko mzuri, hiyo inatosha kabisa. Mchanganyiko ukishawaka umewaka. Cheche nene haiuwashi mara ya pili. Volti kwenye plagi nazo huamuliwa na nafasi ya plagi na mgandamizo ndani ya silinda. Koili iliyoandikwa volti 40,000 haizifikishi kama nafasi ile inavukwa kwa 12,000. Mara nyingi tofauti ya kweli ya boksi hizo ni kwamba limita, kizuizi cha injini kuzunguka kupita kiasi, imeondolewa. Kuondoa limita si kuongeza nguvu. Ni ruhusa ya kuzungusha injini hadi valvu zishindwe kuifuata kamu, wakati nguvu yenyewe ilikwisha kuanza kushuka kabla ya hapo.

Ila sitawaita waongo wote wanaorudi wakisema ATV imechangamka. Baadhi ya boksi hizo huwahisha cheche digrii chache kwenye mzunguko wa kati, na hilo mkono unaoshika mafuta unalihisi. Wengine walikuwa na CDI iliyochoka, na hata mpya ya kawaida ingewafurahisha. Shida yangu ni kwamba digrii zile zile zinazochangamsha ATV tupu kwenye tambarare ndizo zinazogonga ukiwa na mzigo, jua kali na petroli hafifu. Kama umebadilisha pistoni, kamu na bomba, boksi la kupangwa kwa kompyuta lina mantiki, mradi lipangwe juu ya mashine ya kupima nguvu.

Kuhusu kupima CDI yenyewe, nitasema ambalo vitabu hulizunguka. Zile jedwali za ohm kati ya pini na pini siziamini. Ndani kuna diodi na thairista zilizozamishwa kwenye gundi, na mita mbili tofauti zitakupa majibu mawili tofauti kwa boksi zima. Ninachokiamini ni volti za kilele, yaani volti za juu kabisa za kila mpigo, ambazo mita huhitaji adapta maalumu kuzisoma. Vitabu vingi vya Honda hutaka angalau volti 100 upande wa kuingilia wa koili na 0.7 kwenye pulsa. Pulsa ikiwa mbovu, CDI tatu mpya hazitasaidia, na CDI nyingi zinazotupwa ni nzima. Baada ya hapo, kipimo cha kweli cha boksi lililozibwa ni kufunga jingine unalojua ni zima na linalolingana. Si njia ya kisomi, lakini ndiyo tunayotumia.

Boksi jipya likishafungwa, piga taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapopigwa. Alama ya F kwenye flaiwili ikae mahali pake kwenye sailensi, kisha panda mzunguko uone alama inahama hadi wapi na inasimama. Taa yenye kuonyesha mzunguko inaweza kusoma mara mbili ya ukweli, kwa kuwa injini hizi hupiga cheche kila mzunguko, hata kwenye mpigo wa kutoa moshi. Na hata nikimaliza nimeridhika, nimeiona ikiwa haina mzigo tu. Mengine naisikiliza ikipanda mlima.

Zingatia na waya za ulinzi. ATV nyingi hupunguza mzunguko kupitia CDI ukiwa kwenye rivasi, baadhi za Yamaha hufanya hivyo breki ya kuegesha ikiwa imefungwa, na nyingi za Polaris zina swichi ya kukata moto kebo ya mafuta ikikwama. Boksi la bei rahisi halina pini hizo, na fundi mwenye haraka huzikunja waya akazifunga tepu. Kwenye ATV ya mtoto, limita ndani ya CDI ndiyo inayomlinda. Mimi siifungi isiyo nayo, hata mzazi akisisitiza.

Plagi nayo iwe ya R, yenye kizuizi cha umeme (resista) ndani yake, yaani CR7HSA kama kitabu kinasema CR7HSA, si C7HSA. Bila kizuizi hicho, kelele za umeme wa cheche zinaweza kuichanganya CDI ya kielektroniki, ikaanza kumisi bila mpangilio, na wewe ukaenda kununua boksi la tatu.