Tembe la Kwihara na jina la mgeni

Ukiwa Tabora mjini, mwambie bodaboda akupeleke "kwa Livingstone". Hatauliza mara mbili. Atakupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, hadi kwenye tembe, nyumba pana ya udongo mwekundu yenye paa la bapa na mlango wa nakshi. Leo ni makumbusho. Nimekulia mkoa huu na nyumba hiyo naipenda, ndiyo maana huniuma kusikia yanayosimuliwa juu yake, mengine na sisi wenyewe wenyeji.

Dhana: Ni nyumba ya Livingstone.

David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, hakuijenga wala hakuimiliki. Ilikuwa mikononi mwa Said bin Salim al-Lamki, liwali wa Sultani wa Zanzibar huku Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Huyu alizijua njia za bara kabla ya wengi wa wageni aliowapokea: mwaka 1857 ndiye aliyeusimamia msafara wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke kutoka pwani hadi hapa. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipofika Juni 1871, liwali alimpa nyumba ya kukaa. Livingstone akaja baadaye, Februari 18, 1872, akaondoka Agosti 25 mwaka huohuo. Miezi sita tu, na mwenyeji akasahauliwa.

Dhana: Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone.

Walikutana Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Novemba 1871. Kwihara ndiko Stanley alikokwama kabla ya hapo, na aliyemkwamisha ni Mirambo. Mtemi huyo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji kwa sababu ya mzozo wake na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga, wakashindwa vibaya. Agosti 1871 Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe na kuichoma, huku Stanley akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za nyumba aliyopewa, akingoja zamu yake. Mirambo hakufika Kwihara. Septemba Stanley akatoka, akazunguka kusini, akafika Ujiji kwa njia ndefu. Mtu anayeielezea nyumba hii bila kumtaja Mirambo hajaielezea bado.

Dhana: Ni jengo la Kiarabu.

Mlango wa nakshi na baraza ni vya pwani, sibishi. Lakini tembe ni nyumba ya bara. Waulize Wagogo: miti imesimamishwa, fito zimefungwa, kuta zimekandikwa, juu boriti na udongo uliosawazishwa, katikati ua. Anayeijua kazi hiyo anajua pia kwamba udongo hauvumilii masika bila kukandikwa tena. Kwa hiyo usidhani kila ukuta unaougusa uliguswa na Livingstone. Nyumba ya namna hii huishi kwa mikono ya mafundi wanaopokezana. Ingia ndani saa nane mchana, jua la Tabora likiwa kali, uone ubaridi unavyokupokea: huo ni ujuzi wa watu wa hapa.

Dhana: Wapagazi wote walikuwa watumwa.

Hili ndilo linalonikera zaidi. Utumwa ulikuwepo, tena wa kutisha. Watu waliuzwa, na mashamba ya matajiri wa Unyanyembe yalilimwa na watumwa. Hilo lisifichwe hata kidogo. Lakini Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao wenyewe kabla Waarabu hawajajenga Tabora, na wengi waliojitwisha mizigo ya wageni walifanya hivyo kwa ujira: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mabegani kwa miezi. Walipatana bei na wakagoma walipodhulumiwa. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya jasho lao mara ya pili.

Dhana: Livingstone alikuja kupumzika.

Alikuwa akingoja watu na vifaa. Shehena yake ilikuwa imelala hapa muda mrefu, na walipoifungua, Stanley akaandika walichokikuta: mchwa wamekula sanduku la bunduki pamoja na vitako vyake, mitutu imeota kutu, na chupa za brandi zimezibwa kwa magunzi ya mahindi badala ya vizibo, kinywaji hakimo. Machi 14, 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani kumtafutia watu wengine. Siku tano baadaye mzee akatimiza miaka 59. Mei 1, akiwa bado anangoja huku Unyanyembe, aliandika barua ambamo aliuita utumwa kidonda kilicho wazi cha dunia. Maneno hayo yamechongwa juu ya kaburi lake London. Aliyaandika akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara ambao utajiri wao haukutengana na watumwa.

Dhana: Alifia Kwihara.

Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1, 1873. Ila maiti yake ilipita huku. Chuma na Susi, watumishi wake, pamoja na wenzao waliibeba hadi Unyanyembe Oktoba mwaka huo, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri azikwe hapahapa. Wapagazi wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, wanakijiji wakazuia maiti isipite. Basi wakafunga mabua ya mtama ndani ya nguo yakafanana na maiti, wakawapa wenzao wachache wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga kama robota la kawaida la nguo. Giza lilipoingia, wale waliotumwa wakayatupa mabua porini, wakatawanyika, wakarudi mmoja mmoja kuungana na msafara. Februari 1874 walifika Bagamoyo na mzigo wao.